Funga Mdomo, Mama

Tulikuwa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja asubuhi, mimi na mamangu, tukisogea mbele kidogo kila mtu alipoitwa. Ni kliniki moja ya hapa Nakuru. Jina lake tuliache. Mama alikuja kwa sababu ya magoti na presha. Alivaa rinda lake la kanisani, maana watu wa rika lake huamini kwamba daktari ni mtu wa kuendewa ukiwa umevaa vizuri. Nesi alipompima uzito alisoma namba kwa sauti, kama mtu anayeuza mbuzi mnadani. Kisha daktari, kijana wa umri wangu tu, akatazama karatasi, akamtazama mama, na mlango ukiwa bado wazi akasema: "Mama, wewe dawa yako ni moja tu. Funga mdomo."

Watu wa benchi walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Ni kile cha watu waliochoka kungoja, wakapata kitu cha kuwachangamsha. Mama naye alicheka. Mimi nilitabasamu.

Tukielekea stage nikamwambia, "Lakini mama, si amesema tu ukweli?" Hakunijibu. Alisimama akanunua nyanya, akabishana bei na mwenye nyanya kama kawaida yake, tukapanda matatu. Kliniki hakurudi tena. Nilimkumbusha mara mbili tatu, akasema ataenda wiki ijayo, nami nikaacha. Miaka miwili baadaye, Jumapili asubuhi, alishindwa kufunga kifungo cha blauzi. Nilipomtazama usoni, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Kiharusi. Kidogo, walituambia hospitalini, mshukuruni Mungu. Presha ambayo haikupimwa kwa miaka miwili ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya.

Amepata nafuu. Anaongea, anapika, anatembea polepole. Lakini mimi nimebaki na swali ambalo halinitoki: siku ile nilimlaumu mamangu kwa kosa gani hasa? Ungeniuliza wakati huo ningesema ulafi, au kwa adabu kidogo, kukosa nidhamu. Anajua chakula kinamdhuru na bado anakula. Hilo ndilo shtaka. Basi tulisikilize kama watu wa korti wanavyosikiliza mashtaka, tuangalie ushahidi.

Ushahidi wa kwanza unamtetea. Kanisa lao hufunga siku 21 kila Januari, hakuna chakula hadi jioni, na mama hajawahi kuvunja hata siku moja. Mimi nilijaribu mwaka mmoja. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, smocha ya pale karibu na kazi ilinishinda. Na si kufunga kwa kanisa pekee. Mapema 2008, baada ya fujo za uchaguzi wa 2007, tulitoka Molo na godoro moja na sufuria mbili, tukaishia kwenye mahema ya Showground hapa Nakuru. Chakula kilipokuwa kidogo, mama alisema yeye ameshakula. Tulikuwa watoto, tukamwamini. Huyo ndiye mtu aliyeambiwa hajui kufunga mdomo.

Mimi nina kilo 64. Watu huniambia, "Unajitunza, boss." Sijitunzi. Sijawahi kusukuma sahani mbali kwa sababu ya nidhamu. Huwa tu nafika mahali naona kimetosha, hamu inaisha yenyewe, kama redio iliyozimwa na mtu mwingine. Sifa ninayopewa ni ya kazi ambayo sijaifanya.

Ushahidi wa pili ni wa nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa kama theluthi moja ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti kama huo wa 2022 ulikuta ni zaidi ya wanne katika kila kumi. Kama unene ni ulafi, basi tuseme wanawake wa Kenya waliharibika tabia ghafla kwa miaka minane? Tabia ya taifa haibadiliki haraka hivyo. Kinachobadilika haraka hivyo ni mazingira.

Lakini sisi hupenda kuusoma mwili kama cheti cha tabia. Shags ukirudi na kitambi utaambiwa, "Umenona! Maisha imekukubali." Ukirudi mjini na kitambi kilekile utaambiwa umejiachilia. Hukumu hizi mbili zinagombana, lakini kosa lao ni moja: zote zinadhani zinamwona mtu wa ndani kwa kumtazama kiuno.

Basi njaa yenyewe ni nini? Kuna jambo kwenye Kiswahili chetu ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Tunasema tuna njaa, ndiyo, lakini mara nyingi zaidi tunasema tunasikia njaa. Inasikika, kama mtu anayebisha hodi. Mwenye njaa si mtu aliyeamua jambo. Ni mtu aliyepata habari. Na sayansi ya miaka thelathini hivi iliyopita inakubaliana na lugha hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya Jackson kule Maine, Marekani, kulizaliwa panya ambao walikula bila kukoma wakawa wanene ajabu. Sababu ilichukua miongo kadhaa kupatikana. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliigundua: panya wale walikosa homoni moja inayotengenezwa na mafuta ya mwili yenyewe. Wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta, kumbe, si mzigo uliolala tu kiunoni. Yanaongea. Yanatuma habari kwa sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoitwa haipothalamasi, kusema: akiba ipo, punguza kula, choma zaidi. Akiba ikipungua, habari nayo inapungua, na njaa inapanda.

Watu wachache sana duniani huzaliwa bila leptini. Walipodungwa homoni hiyo, uzito wao ulishuka kwa namna ya kushangaza. Ikadhaniwa dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene wana leptini tele, kuliko wembamba. Kuwaongezea kulisaidia kidogo mno. Habari zinatumwa kila siku kwamba akiba imejaa, ila kule zinakokwenda hazisikiki. Ubongo wa mtu mwenye akiba kubwa unaweza kufanya kazi kama ubongo wa mtu anayekaribia kufa njaa.

Kwa nini hausikii? Sehemu ya jibu ilitoka mahali ambapo usingetarajia: kwa ng'ombe aliyekonda.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri ugonjwa wa nagana, unaoletwa na mbung'o. Hata hapa jirani, kuelekea Ziwa Bogoria, mbung'o wapo. Ng'ombe mwenye nagana hukonda hadi unahesabu mbavu, na cha ajabu ni kwamba vimelea katika damu yake vinaweza kuwa vichache mno kuelezea kukonda kote huko. Ugonjwa huu ndio uliomfanya Anthony Cerami, mwanasayansi wa Rockefeller, ajiulize: ni nini hasa kinachommaliza mnyama? Katika sungura walioambukizwa vimelea vya aina hiyo, yeye na wenzake walifuata dalili hadi wakafika kwenye kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe, na seli za kinga, yaani askari wake. Wakakiita kakektini, kwa maana ya kukondesha. Mwaka 1985 ikajulikana kwamba kakektini ni kitu kilekile ambacho watafiti wengine walikuwa wakikifuatilia kwa sababu nyingine na kukiita TNF. Askari wanapopigana na adui hutoa ishara hii, na mojawapo ya kazi zake ni kufunga hamu ya chakula.

Miaka minane baadaye, mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman kule Boston waliikuta TNF mahali pengine kabisa: ndani ya mafuta ya panya wanene, ikivuruga kazi ya insulini. Ishara ileile iliyohusishwa na ng'ombe wa mifupa mitupu ilikuwa imekaa ndani ya panya aliyefura. Na mwaka 2005 kikundi cha Campinas, Brazil, kilionyesha kwamba panya wakilishwa mafuta mengi, haipothalamasi yao inaingia katika inflamesheni.

Neno hilo lisikutishe. Mwiba ukikuchoma kidole, kidole huvimba, kikawa chekundu, kikapata joto. Hiyo ndiyo inflamesheni: kinga ya mwili ikiwa kazini. Kwenye kidole unaiona. Kwenye ubongo huioni, haivimbi kwa namna hiyo, haiumi, lakini ishara zinazorushwa ni za jamii moja. Ubongo una walinzi wake wanaoitwa maikroglia, ambao nawafikiria kama Nyumba Kumi ya mtaa: wanakaa hapohapo, wanamjua kila mtu, kwa kawaida kazi yao ni kuzungukazunguka na kuokota takataka. Wakishtuliwa wanapiga kelele, wanaitana, na mtaa wote unakuwa na vurugu. Katikati ya vurugu hiyo leptini inabisha hodi na hakuna anayesikia.

Mwaka 2012 Joshua Thaler, Michael Schwartz na wenzao waliripoti kutoka Seattle kwamba katika panya waliolishwa mafuta mengi, fujo hii ilianza ndani ya siku tatu za kwanza, kabla panya hajanenepa. Hapo nilisimama nikasoma tena. Kabla hajanenepa. Sisi tumezoea kupanga hadithi hivi: alikosa nidhamu, akala sana, akanona, akaugua. Hapa mpangilio unaanzia kwingine. Watafiti haohao walipowapiga watu wanene picha za MRI, waliona katika sehemu hiyo ya ubongo dalili zinazofanana na makovu. Na mwaka 2017, kikundi cha San Francisco kilionyesha upande wa pili: maikroglia za panya wakizipunguza, panya anakula kidogo hata akiwekewa mafuta mengi, wakizichokoza makusudi, panya anakula zaidi na mwili wake unachoma nguvu kidogo, hata bila chakula cha ajabu.

Utauliza, kama ishara ni za jamii moja, mbona ng'ombe amekonda na panya amenona? Kipimo na muda. Moto mkubwa ukiwaka nyumbani, watu wote wanakimbia nje. Hakuna anayekumbuka chakula. Lakini moshi mdogo wa jiko, kila siku, mwaka baada ya mwaka, haufukuzi mtu. Unaharibu macho polepole tu, mpaka siku moja mama hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Nisipige chuku. Mengi ya haya yameonekana kwa panya, na binadamu si panya. Wanasayansi bado wanabishana fujo hii ya ubongo ni chanzo kwa kiasi gani na ni matokeo kwa kiasi gani. Na si sababu pekee: kuna urithi wa damu, usingizi, dawa za magonjwa mengine, umaskini. Lakini hata ukipunguza madai yote kwa nusu, kinachobaki kinatosha kulitikisa lile shtaka.

Fikiria malaria. Ikikushika vizuri, hata pilau ya harusi inakuwa chungu. Unasukuma sahani. Sasa, umewahi kusikia mtu akimwambia mgonjwa wa malaria, "Wewe huna nidhamu, dawa yako ni moja tu, fungua mdomo"? Watu watambembeleza kwa uji, kwa supu, kwa maneno matamu, na akishindwa wataelewa. Tunajua si yeye anayekataa chakula, ni ugonjwa. Kinga yake imemfungia hamu. Mtu huyohuyo, kinga yake ikimwachia hamu wazi, tunageuka kuwa mahakimu. Ishara za jamii moja, ubongo uleule. Kwa yule aliyekonda tunatoa huruma, kwa yule aliyenona tunatoa mahubiri. Nimetafuta sababu ya kimaadili ya tofauti hiyo na sijaiona. Naona tu kwamba mmoja tunafurahia kumtazama na mwingine hatufurahii.

Rafiki yangu mmoja hakubaliani nami, na hoja yake ni nzito, kwa sababu yeye mwenyewe alipunguza kilo 30 kwa kukimbia kila alfajiri huku kwetu. "Buda," akaniambia, "maikroglia haziinui chipsi kuziweka mdomoni. Mkono ni wako. Ukiwaambia watu si makosa yao, umewanyang'anya kitu pekee walicho nacho."

Nimemfikiria sana. Ana haki katika jambo moja: mtu si panya wa kulishwa. Tunaweza kuamua, na uamuzi wake ulizaa matunda. Lakini angalia hoja yake inavyotembea. Inatoka "niliweza" hadi "kila mtu anaweza kwa bei ileile." Bei si ileile. Mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwachunguza watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito. Lakini kilichonishtua ni umetaboli wao: miili yao ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kila siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita baadaye mwili bado ulikuwa unabana matumizi, kama nyumba inayosubiri ukame. Kwa mtu kama huyo, kubaki hapo alipo tu ni mbio. Mimi nabaki hapa nilipo nikiwa nimeketi.

Aristotle alitofautisha mtu mwenye kiasi na mtu anayejizuia. Mwenye kiasi hasumbuliwi na tamaa mbaya. Anayejizuia anasumbuliwa na anaishinda. Tukiwatazama kwa nje, wote wawili wameacha kipande cha mwisho kwenye sahani. Kosa letu ni kuwachanganya, tukampa mwembamba sifa ya mpiganaji wakati hajawahi kuingia ulingoni. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, walizungumzia kitu walichokiita bahati ya kimaadili: kwamba tunawahukumu watu kwa mambo ambayo sehemu yake kubwa hawakuyachagua. Waswahili walikuwa wameshaliona jambo hili kwa njia fupi zaidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa tajiri na maskini. Nadhani inafaa pia kwa mwembamba na mnene. Mwenye shibe ni mimi, ambaye redio yangu inazimwa. Mwenye njaa ni mamangu, mwenye kilo nyingi kuliko mimi, na bado anasikia.

Kwa hivyo simfuati rafiki yangu hadi mwisho, lakini pia sitaki kusema mtu hana la kufanya. Natofautisha kulaumu na kuwajibika. Kulaumu kunatazama nyuma: wewe ndiwe uliyefanya hivi, basi ubebe aibu. Kuwajibika kunatazama mbele: jambo hili limekufika, sasa tufanye nini, na nani anashika upande gani? Mtu anaweza kuwajibika kwa presha yake, ameze dawa, atembee, apunguze mafuta, bila kubeba aibu ya kosa ambalo hakulifanya. Tena aibu inaharibu kuwajibika. Nimeliona kwa macho yangu. Sentensi moja mbele ya benchi ilimtoa mamangu kwenye matibabu kwa miaka miwili. Wengine watasema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nasema lile sikio lilikuja kliniki lenyewe, likiwa limevaa rinda la kanisani.

Na tukishaanza kutazama mbele, orodha ya wanaowajibika inarefuka. Shuka nami Kenyatta Avenue saa kumi na mbili jioni. Viazi vya Molo na Mau Narok, vilevile ambavyo mama alikuwa akichemsha nyumbani, sasa vinaogelea kwenye mafuta kila baada ya hatua chache. Smoki, mutura, mandazi, soda baridi. Mtu ametoka kazini hajala tangu asubuhi, na kilicho karibu, cha haraka, kinachomtosha kwa pesa aliyonayo, ni hicho. Simlaumu mwenye kibanda. Naye anatafuta karo. Lakini wale panya wa Campinas na Seattle hawakujitafutia chakula chao, waliwekewa. Mji huu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji ni pamoja na kuamua nini kinawekwa mbele ya watu: njia za miguu ambazo mama mwenye magoti mabovu anaweza kupita bila kusukumwa na boda, matunda yanayoshindana kwa bei na chipsi, kliniki yenye mlango unaofungwa.

Halafu kuna sindano mpya. Dawa ya semaglutidi, ile inayouzwa kwa jina Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa uzito, inaiga homoni ya utumbo na kufanya kazi hadi ubongoni. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2021, watu walioitumia kwa wiki 68 walipoteza takriban asilimia 15 ya uzito wao. Walipoiacha, katika mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Wengi waliotumia wanasimulia jambo moja: kelele ya chakula kichwani ilinyamaza. Kwa mwanafalsafa, hilo ni jaribio zuri kuliko yote. Kama sindano ya kila wiki inaondoa ulafi, basi ulafi ule haukuwa tabia peke yake. Hakuna sindano ya uongo, wala ya wivu. Lakini mahali nilipo wasiwasi wangu ni mwingine. Bei ya dawa hiyo iko mbali sana na mfuko wa mamangu. Tusipoangalia, tutafika mahali wenye pesa wananunua utulivu, kisha wanausimamia kama wema wao, na walioshindwa kununua wanaendelea kuambiwa wafunge mdomo.

Siku moja baada ya kiharusi nilimuuliza mama kuhusu zile siku za Showground. Aliniambia, bila huzuni, kwamba tangu wakati huo hawezi kuacha chakula kwenye sahani. Si kwamba anakitaka. Ni kwamba mkono haukubali kukiacha. Sijui kama hilo ni suala la seli au la kumbukumbu, na labda kwa mwili wake tofauti hiyo haina maana. Ninachojua ni kwamba daktari aliona mdomo, nami niliona mdomo, na hakuna aliyeuliza kilicho nyuma yake.

Sasa anahudhuria kliniki nyingine. Nesi wa huko ni mama wa makamo, anafunga mlango kwanza, anamuuliza habari za magoti, ndipo anamwomba apande kwenye mizani, na namba anaiandika kimya. Presha imeshuka. Uzito umeshuka kidogo tu. Jioni tunatembea mimi naye hadi dukani na kurudi, tukisimama kila akitaka kusimama. Nilimwomba msamaha kwenye mojawapo ya safari hizo. Alisema, "Hiyo ni kitu ya zamani," akaendelea kutembea.

Nyumbani kwetu, tangu utotoni, mama ndiye anayezunguka meza akiuliza, "Umeshiba? Wewe je, umeshiba?" Wiki jana tulikula githeri, ndugu zangu wakatoka, tukabaki wawili. Nikagundua kwamba katika miaka yangu yote sijawahi kumgeuzia swali hilo. Nikamuuliza, "Mama, wewe umeshiba?"

Alikaa kimya kidogo, kijiko mkononi, kama mtu anayejaribu kusikiliza sauti ya mbali.

"Sijui," akasema. "Kwani mtu hujuaje?"